Peugeot ya mzee isianze na dabi ya Desemba

APRILI 12, 2000. Uwanja wa Olimpico, Rome. Mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Italia, Lazio dhidi ya Inter Milan. Ronaldo, yule wa Brazil, anaingia akitokea benchi. Alikuwa nje tangu Novemba 1999 alipoumia goti katika mechi dhidi ya Lecce. Alipasuliwa, akashonwa, akaanza mazoezi. Dunia nzima ya soka ilikuwa inahesabu siku.

Hakumaliza hata dakika 10. Alichukua mpira, akaanza kuzungusha miguu juu yake kama kawaida yake, goti likagoma. Akaanguka mwenyewe. Hakuna beki aliyemgusa. Waliokuwa uwanjani na waliokuwa kwenye televisheni walijua palepale kwamba hali ni mbaya. Goti lilikuwa limeachia tena, safari hii vibaya kuliko mara ya kwanza.

Kutoka hospitali ni jambo moja. Kurudi uwanjani ni jambo jingine kabisa. Na kurudi uwanjani kwenye fainali, dhidi ya mabeki wa Lazio, ni jambo la tatu. Watu wa mpira wanalijua hilo kwa machozi. Watu wa gereji wanalijua kwa sababu linawatokea kila mwaka, na mwezi wake ni Desemba.

Kila inapofika Oktoba, gereji nyingi za Dar es Salaam zinaanza kupokea wageni wa ajabu. Magari ya wazee. Peugeot 504 iliyolala nyuma ya nyumba kwa miaka 12. Mercedes ya marehemu baba. Volkswagen ambayo kuku walishaigeuza banda. Zinakuja zimefungwa kamba, zinavutwa na Hilux, tairi zimekaa chini kama chapati. Nyuma yake anashuka kijana wa mjini, amevaa jezi, mfukoni ana hela kidogo na moyoni ana ndoto moja kubwa.

Ndoto yenyewe ni hii. Desemba anataka aende nayo Moshi. Anataka aingie kijijini na gari la mzee, lile ambalo ukoo mzima ulipanda, lile ambalo mama alipelekewa hospitali kujifungua. Anataka mzee atoke nje, asimame kwenye ngazi, alitazame. Apige honi. Watoto wakimbie. Mbege imwagwe.

Ni ndoto nzuri. Anayemcheka kijana huyu hana baba. Tatizo si ndoto. Tatizo ni ratiba.

Kijana anamuuliza fundi, "Litakuwa tayari tarehe 20?" Fundi anaangalia gari, anaangalia zile hela, anajibu jibu la mafundi wote. "Litakuwa tayari, bosi." Hapo tayari mechi imeshaanza kupotea, kabla hata boneti haijafunguliwa.

Peugeot 504 si gari la mchezo. Ilitoka mwaka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden aliitumia kushinda Safari Rally. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa akashinda tena na 504, ile ya milango miwili. Kule Kenya ziliunganishwa kwa miaka mingi na zilibeba abiria nchi nzima. Pijo, kama wengi walivyoiita, lilikuwa gari la mkurugenzi, la daktari wa mkoa, la padri na la teksi ya masafa. Lilistahimili matuta na mashimo ambayo magari mengi ya leo yangeomba yabadilishwe mapema kipindi cha kwanza.

Lakini hata gwiji likilala miaka 12, linaamka na mwili mwingine. Mpira wa hosi unakauka na kupasuka. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani, kutu inaanza ndani ya masta silinda bila mtu kuiona. Tenki la mafuta linaota kutu, ile kutu inasubiri gari litikisike ndipo ishuke kwenda kuziba kabureta. Rejeta inajaa tope gumu. Panya wamekula nyaya. Tairi zina kashata nzuri kabisa, zinang'aa, lakini mpira wenyewe umezeeka na una nyufa ubavuni.

Sasa angalia kijana wa jezi anaanza na nini. Anaanza na rangi.

Hapa ndipo wamiliki wengi wa magari ya zamani wanapofanana na viongozi wa klabu zetu. Dirisha la usajili likifunguliwa wanaanza na kile kinachoonekana kwenye picha. Winga mwenye nywele za dhahabu. Mshambuliaji mwenye video nzuri. Kipa na beki wa kati watatafutwa siku ya mwisho, kwa hela iliyobaki. Kwenye gari, rangi ndiyo winga wa nywele za dhahabu. Rimu mpya, viti vipya vya ngozi, redio ya kisasa. Breki ndiyo kipa. Hakuna anayempigia makofi kipa mpaka siku anapokosekana.

Fundi mwenye heshima angefuata mpangilio mwingine. Kwanza breki zote: mabomba, hosi, masta silinda, pedi, na mafuta mapya. Gari lisiloweza kusimama halina sababu ya kutembea. Pili, usukani na miguu: boljointi, tairodi, bushi, shokapu, tairi. Tatu, maji na joto: rejeta isafishwe, wota pampu, themostati, hosi na mkanda wa feni vibadilishwe. Nne, mafuta: tenki lishushwe lisafishwe, siyo kupuliziwa upepo tu. Tano, nyaya. Halafu ndiyo injini. Rangi ni ya mwisho kabisa. Rangi inaweza kusubiri hata mwaka ujao, hakuna aliyewahi kufa kwa sababu ya rangi.

Na injini yenyewe ina adabu zake. Ile ya 504 haichongwi silinda kama injini nyingine nyingi. Ina leina zinazochomoka, maji yanazizunguka moja kwa moja, na zinanunuliwa kwa seti pamoja na pistoni zake. Kwa fundi mzuri hiyo ni raha, kwa sababu injini iliyochoka inaweza kupewa moyo mpya bila kutupa bloku. Kwa fundi mwenye haraka hiyo ni kesi. Hedi ikifunguliwa na krenki ikazungushwa bila leina kubanwa, mipira ya chini inaweza kuachia. Kimo cha leina juu ya bloku kisipopimwa, gasketi haikai sawasawa. Maji yanapita kwenda kwenye oili. Siku mbili baadaye ukichomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Ukifika hapo, injini inarudi mezani upya.

Tuseme yote yamefanyika vizuri. Tarehe 19 Desemba usiku injini inawaka. Gereji nzima inashangilia, simu zinarekodi, video inaruka kwenye magrupu ya familia. Shangazi aliyeko Arusha anatuma vidole vya pongezi. Tarehe 20 alfajiri, gari limebeba watu watano, mchele, mafuta ya kupikia na zawadi za bibi, linaingia barabara ya Moshi.

Ni kilomita zinazokaribia 550. Injini yenye pistoni mpya, ringi mpya na beringi mpya, ambayo haijawahi kutembea hata kilomita moja, inapewa mzigo kamili, jua la Desemba la Hedaru na Same, na dereva mwenye haraka ya kuwahi. Kuna malori ya kuyapita. Kuna mabasi yanayomsukuma kwa nyuma kwa taa. Kuna matrafiki wenye tochi kwenye kila kijiji cha kilomita 50 kwa saa. Breka, kanyaga, breka, kanyaga.

Kumpanga mchezaji aliyetoka kupasuliwa goti aanze dabi, acheze dakika 90, na siku hiyo ndiyo apige penalti, kuna tofauti gani na hilo?

Gari likizima njiani, kila mtu anajua kinachofuata. Fundi anapigiwa simu na kutukanwa. Timu ikifungwa, kocha ndiye anayefukuzwa. Hakuna anayemuuliza kiongozi aliyesajili mawinga sita na beki mmoja. Hakuna anayemuuliza mwenye gari kwa nini alitafuta gasketi ya bei ya chini kuliko zote Kariakoo, huku rangi akiilipia bila kuomba hata punguzo. Mafundi wana dhambi zao, na kubwa kuliko zote ni lile neno "tayari" wanalolitoa kama pipi. Lakini presha ya tarehe haitoki gereji. Inatoka kwa mwenye gari.

Na kuzima ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ni gari kukataa kusimama. Hosi ya breki ya mwaka 1979 haitoi taarifa. Inavumilia mjini, inavumilia Kibaha, halafu siku dereva anapokanyaga kwa nguvu zote kwa sababu mtoto amevuka barabara, ndiyo siku inayochagua kupasuka. Stika kwenye kioo haina uwezo wa kuzuia hilo. Wala maombi ya mama.

Kuna watakaosema magari haya yana faida gani basi? Si bora kununua Toyota iliyotumika kutoka Japani, inawaka kwa ufunguo, ina kiyoyozi, spea ziko kila kona? Ni hoja ya haki. Kwa mtu anayetaka kwenda kazini na kurudi, jibu ni ndiyo, anunue Toyota. Pia yapo magari ambayo hayafai kufufuliwa. Chesesi ikishaliwa na kutu mpaka bisibisi inapita, huruma iishie hapo, lichukuliwe kinachofaa kwa spea na lipumzike. Hata wachezaji wakubwa hufika siku ya kutundika daluga. Kulazimisha ni kumdhalilisha mzee.

Lakini kusema gari la zamani haliwezi kurudi barabarani kwa heshima ni kutojua historia ya michezo ya eneo hili.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na mdogo wake Jaswant, alishinda Safari ya Afrika Mashariki. Gari lake lilikuwa Volvo PV544, umbo ambalo asili yake ni miaka ya 1940. Tena halikuwa jipya. Lilikuwa gari lililotumiwa na timu ya kiwanda katika mashindano ya mwaka uliotangulia, likabaki huku. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alikulia kwenye gereji ya baba yake. Alilichukua gari lile la mkono wa pili, akalitengeneza, akapewa namba 1 mgongoni, akaondoka wa kwanza na kushinda, mbele ya timu zilizokuja na magari mapya na masanduku ya spea.

Huyu ndiye mtu aliyekuja kushinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Lakini takwimu yake kubwa si zile tatu. Ni hii: alianza Safari 22, akamaliza 19. Ikumbukwe kwamba mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Saba! Katika mashindano yanayokula magari namna hiyo, kumaliza mara 19 si bahati. Ni mtu anayejua gari lake likoje kabla ya kuliomba chochote.

Hadi leo ushahidi unaendelea kupita. Tangu mwaka 2003 yapo mashindano ya Safari Classic, ya magari ya zamani tu. Porsche 911, Ford Escort, Datsun 240Z za enzi za Shekhar Mehta. Yanatimua vumbi la Afrika Mashariki kwa siku nyingi mfululizo. Hayo si magari ya kuwekwa kwenye maonyesho na kufutwa kwa kitambaa. Yamefunguliwa mpaka nati ya mwisho, yakafungwa upya, yakajaribiwa, yakafunguliwa tena. Neno kubwa hapo ni yakajaribiwa.

Kwa hiyo kijana wa jezi afanyeje? Afanye anachotaka kocha wake afanye kwa mchezaji aliyetoka majeruhi. Amtengenezee ratiba.

Mechi ya kwanza iwe mtaani. Kilomita 10, karibu na gereji, fundi akiwa kiti cha pembeni na boksi la spana nyuma. Injini mpya isiachwe inaunguruma mahali pamoja kwa saa nzima kama wengi wanavyoamini, kwa sababu ringi zinahitaji mzigo kiasi ili zikae kwenye leina zake. Itembee. Isikanyagwe mpaka mwisho, wala isikokote mlima kwenye gia kubwa. Mwendo upande, ushuke, upande tena. Ikirudi, ipoe kabisa. Boliti za hedi ziangaliwe na fundi kwa kipimo chake. Kisha boksi lililokunjuliwa litandikwe chini ya gari usiku. Asubuhi lile boksi litasema ukweli wote. Tone jeusi ni oili. Tone lenye rangi ya kutu ni maji. Tone karibu na tairi ni breki, na hapo gari haliondoki.

Mechi ya pili, Kibaha na kurudi. Hapa dereva aangalie geji ya joto kuliko anavyoangalia simu. Akifika, asogeze mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki ya tairi hiyo inashika. Ni jambo dogo, linatengenezwa kwa nusu saa mjini. Usiku porini ni jambo kubwa.

Mechi ya tatu, Chalinze. Ya nne, Morogoro, wakiwa watu wanne ndani na mizigo, mchana wa jua. Hapo katikati, oili ya kwanza imwagwe mapema, ikifika kilomita 500 hivi, kwa sababu ndani yake kuna vumbi la chuma la vitu vipya vilivyokuwa vinazoeana. Wengi wanaona hasara kumwaga oili ambayo bado inaonekana safi. Waulize bei ya krenki.

Ratiba hiyo inahitaji wiki sita mpaka nane. Maana yake gari la Desemba linaingia gereji mwezi wa tano, siyo wa kumi. Na kama limechelewa, jibu ni lilelile ambalo shabiki yeyote mwenye akili anajua kumpa kocha: abaki jukwaani. Panda basi. Nenda Moshi ukale Krismasi. Muonyeshe mzee video. Mwambie Pasaka.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu mzee ana miaka 81, na hakuna anayejua kama Pasaka atakuwepo. Hicho ndicho kinachosukuma vijana wengi kuondoka alfajiri na gari lisilo tayari. Si ushamba, wala si sifa peke yake. Wanakimbizana na muda wa baba zao. Mtu hawezi kumcheka mwenye haraka ya namna hiyo.

Lakini huyo mzee akiulizwa mwenyewe, jibu linajulikana. Wazee waliomiliki magari hayo walikuwa watu wa kuamka saa 11 alfajiri, kufungua boneti, kupima oili na maji, kugonga kila tairi kwa kisigino, ndipo waite familia ipande. Hawakuwahi kuondoka bila kukagua. Hakuna mzee kati yao ambaye angependa gari lake lifike na rangi mpya huku wajukuu wake wakiwa wamebebwa na gari la polisi kutoka njiani. Angependa kusubiri. Akichoka kusubiri, apigiwe simu siku ya mechi ya Chalinze, asikilizishwe injini. Ataitambua kwa sauti.

Ronaldo naye alisubiri. Baada ya ile siku ya Rome alikaa nje kwa muda mrefu, mpaka wengi wakamwandika kwenye orodha ya waliokwisha. Juni 30, 2002, mjini Yokohama, Japani, Brazil ilicheza fainali ya Kombe la Dunia na Ujerumani. Iliisha 2-0. Mabao yote mawili yalikuwa yake, akafikisha manane kwenye mashindano yale. Goti lilikuwa lilelile, lakini safari hii lilikuwa limepewa muda wake.

Peugeot ya mzee ipewe Kibaha kwanza. Moshi haihami.